Kukausha maembe na nyama nyumbani Lubumbashi kwa mashine ya umeme

Maembe ya Lubumbashi huiva mvua zikiwa zimeshaanza. Kuanzia Novemba hivi, lupango (kiwanja cha nyumba) wenye mwembe mmoja tu unatoa maembe kuliko midomo ya waliomo. Watoto wanakula mpaka wanayachoka, jirani naye ana yake, na yanayobaki yanaozea chini ya mti. Wazo la kwanza huwa ni kuyaanika, lakini miezi hiyo jua likitoka asubuhi, mchana wingu limeshafunga. Jua la kuaminika, lile la kiangazi kuanzia Mei hadi Septemba, linakuja mti ukiwa hauna kitu. Kwa mji huu, basi, mashine ya kukaushia vyakula ina kazi kubwa zaidi wakati wa mvua, na anayeinunua apange mwaka wake hivyo: maembe mvua ikinyesha, nyama wakati wa kiangazi, hewa ikiwa kavu na mashine ikimaliza kazi mapema.

Hata kiangazi sishauri kuanika nje. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walichapisha vipimo vya mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya madini huku Katanga, na kobalti iliyoonekana mwilini mwao ilikuwa nyingi sana. Vumbi la barabara zetu linatua pia kwenye sinia iliyowekwa juu ya bati. Osha matunda hata yale utakayomenya, kisha kausha ndani ya nyumba.

Mashine na umeme

Mashine hizi ziko za aina mbili. Kuna zile za trei za duara zinazopangwa moja juu ya nyingine, feni ikiwa chini au juu, na kuna zile zinazofanana na kabati dogo, feni ikiwa nyuma na trei zinachomolewa kwa mbele. Za kabati hukausha kwa usawa zaidi na ni ghali zaidi. Za duara zinafaa pia, ila kila baada ya saa mbili inabidi uhamishe trei, ya chini iende juu na ya juu ishuke, la sivyo upande wa feni unakauka kupita kiasi huku mwingine bado una maji.

Jambo la kuangalia kabla ya rangi na bei ni kidhibiti joto. Mashine isiyo na sehemu ya kuchagua nyuzi ni ya matunda na mboga tu, usiitie nyama kabisa. Ya nyama iwe inafika nyuzi 60 za Selsiasi bila shida, na ikifika 70 ni bora zaidi. Namba zilizoandikwa kwenye kitufe usiziamini moja kwa moja. Weka kipimajoto cha jikoni ndani, iache iendeshe tupu nusu saa, ndipo usome. Halafu tazama nyuma kabla ya kuchomeka: mashine ambayo ndugu amekutumia kutoka Marekani huenda ni ya volti 120, na ukiichomeka kwenye 220 zetu itaungua siku hiyo hiyo.

Hesabu ya umeme ni rahisi. Mashine ya wati 500 ikiendeshwa saa nane haiwezi kula zaidi ya kilowati-saa 4, na kwa kawaida inakula pungufu, kwa sababu joto likishafika inazima na kuwaka yenyewe. Jenereta sikushauri. Mafuta ya kuiendesha saa kumi yatazidi thamani ya maembe yako.

Kinachosumbua kweli ni umeme kukatika katikati ya kazi, na hili ulipange mapema. Kila mtaa unajua saa zake. Kama kwenu umeme unatulia kuanzia saa nne usiku mpaka alfajiri, basi kata matunda jioni, washa usiku. Ukikatika, usifungue mashine, joto lililomo litasaidia kidogo. Matunda yenye uchachu yanaweza kungoja saa chache bila kuharibika. Ukiamka ukakuta yananuka kama togwa iliyochacha, yatupe.

Nyama haingoji. Iliyokauka nusu, ikikaa kwenye uvuguvugu zaidi ya saa mbili, wadudu wa maradhi wanazaliana ndani yake hata kama haijatoa harufu. Umeme usiporudi ndani ya muda huo, ihamishie kwenye friji, kwani friji iliyofungwa vizuri inatunza baridi kama saa nne hata bila umeme. Ukiona giza linaendelea, washa makaa kwenye mbabula (jiko la makaa), kaanga kitunguu na nyanya, tia nyama yote, iwe mboga ya bukari (ugali) usiku huo. Umepoteza nyama kavu, lakini chakula hujakipoteza.

Nyama: chemsha kwanza

Wengi wanadhani mashine ikiwekwa nyuzi 60 kwa saa sita basi nyama imeiva. Sivyo. Nyuzi 60 ni joto la hewa. Nyama mbichi ina maji mengi, na maji yanapogeuka mvuke yanaipoza nyama yenyewe, kwa hiyo saa za mwanzo nyama inabaki chini kabisa ya nyuzi hizo. Wakati huo huo vijidudu kama E. coli na salmonela vinakaukia humo vikiwa hai, na kijidudu kilichokauka kinavumilia joto kuliko kilicholowa. Joto la nyama linapofika juu, vyenyewe vimeshakomaa. Mwaka 1995 katika jimbo la Oregon, Marekani, watu waliugua kwa E. coli baada ya kula nyama ya paa iliyokaushwa nyumbani. Wizara ya Kilimo ya Marekani inaagiza nyama ya ng'ombe ifike nyuzi 71 na ya kuku nyuzi 74 kabla ya kuanza kukaushwa, na mimi sioni sababu ya kufanya vinginevyo jikoni kwangu.

Chagua nyama ya paja, nyekundu, isiyo na mafuta. Mwambie mwenye bucha akupe kipande kizima, asikikate. Mafuta hayakauki, yanakaa ndani ya nyama na baada ya wiki chache yanachacha na kuharibu ladha ya chupa nzima, kwa hiyo yaondoe yote kwa kisu, pamoja na ule utando mweupe. Nyama ya nguruwe iache kwa sababu hiyo hiyo. Ya porini nayo iache: hujui ilikaa wapi tangu mnyama afe, wala ilipita mikono mingapi.

Tia kipande kwenye friza saa moja mpaka mbili, kigande bila kuwa jiwe. Hapo kisu kinapita vizuri na unaweza kukata vipande vyembamba vya milimita 5, visizidi 6. Tazama nyuzi za nyama kabla ya kukata. Ukizikata kwa kukingama, nyama itakuwa laini, inafaa watoto na wazee. Ukifuata urefu wa nyuzi, itakuwa ya kutafuna kwa muda, na wapo wanaoipenda hivyo. Cha maana ni unene uwe mmoja. Kipande chenye upande mnene kitakudanganya: upande mwembamba utavunjika kama kijiti na ule mwingine utakuwa na maji ndani.

Kwa kilo moja ya nyama mimi natia viungo hivi:

- chumvi kijiko kimoja cha chai
- sosi ya soya vijiko vinne vya mezani (ukikosa, ongeza chumvi ifike kijiko kimoja cha mezani)
- maji ya ndimu mbili
- tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa, kijiko kimoja cha mezani kila kimoja
- pilipili kavu ya unga kadiri ya mdomo wako
- asali kijiko kimoja cha mezani. Ile nyeusi ya msituni inaleta harufu nzuri sana
- maji kikombe kimoja na nusu

Changanya, funika, weka kwenye friji usiku kucha. Si mezani, hata kama usiku ni wa baridi ya Julai.

Asubuhi mimina vyote sufuriani, nyama na maji yake ya viungo. Yakiwa hayafuniki nyama, ongeza kidogo. Chemsha, na maji yakishaanza kutokota hesabu dakika tano kamili. Mji wetu uko kwenye mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yanatokota kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100, lakini hiyo bado iko juu sana ya 71. Kama una kipimajoto chenye sindano, choma kipande kinene kuliko vyote uhakikishe. Ikiwa sufuria ni ndogo, chemsha kwa awamu mbili, maana ukijaza nyama nyingi maji yanapoa na dakika zako tano hazina maana.

Nyama itageuka kijivu na itajikunja kidogo. Usihofu, rangi ya kahawia itarudi ikikauka. Itoe kwa koleo safi, si lile uliloshikia nyama mbichi, ichuje, ikaushe kwa kitambaa safi au karatasi ya jikoni, kisha ipange kwenye trei ingali moto. Vipande visigusane. Mashine iwe imeshawashwa na kufika nyuzi 60 kabla hujaingiza trei ya kwanza.

Anza kupima baada ya saa nne. Kwa kuwa nyama imechemshwa, mara nyingi inamaliza kati ya saa nne na saa nane, kiangazi upesi, Januari polepole, kwa sababu feni inavuta hewa ya chumbani na hewa ya Januari imejaa maji tayari. Usiiweke mashine jikoni karibu na sufuria inayochemka. Chumba kikavu chenye dirisha wazi kinafaa zaidi.

Namna ya kupima: toa kipande, kiache kipoe dakika tano, kwa sababu nyama ya moto huonekana laini kuliko ilivyo. Kikunje polepole. Kinatakiwa kipasuke juu, zionekane nyuzi nyeupe-nyeupe kwenye mkunjo, lakini kisikatike vipande viwili. Kikikunjika bila kupasuka, kirudi ndani. Kikikatika kwa mlio, umepitiliza, kinalika ila kitachosha meno. Vitone vya mafuta vikitokea juu, vifute kwa karatasi.

Kilo moja ya nyama safi ni kama robo tatu maji. Ikikauka itabaki gramu 350 hadi 400, kwa hiyo usishangae ukiona chupa moja tu mahali ulipotegemea tatu. Ndani ya chupa iliyofungwa vizuri, nje ya friji, usiipitishe wiki mbili. Ndani ya friji inaenda mwezi mmoja hadi miwili. Hii si sawa na bitoyo (samaki wa chumvi), ambayo chumvi yake nyingi ndiyo inayoilinda. Nyama yako ina chumvi ya kukolea tu, haina ulinzi huo.

Maembe

Chagua yaliyoiva lakini bado yanakaza ukiyabonyeza kwa kidole. Lililoanza kulegea litakuwa uji kwenye trei. Menya, kata mashavu mawili ya pembeni mwa kokwa, kisha kila shavu ulikate vipande vya milimita 6 hadi 8. Vichovye dakika kumi kwenye maji ya ndimu yaliyochanganywa na maji safi nusu kwa nusu. Uchachu huo unazuia rangi isigeuke kahawia na unasaidia pia kuua vijidudu. Chuja, panga bila kugusanisha, weka nyuzi 57 mpaka 60. Itachukua saa nane hadi kumi na mbili, na siku ya mvua nyingi hata zaidi.

Usiongeze joto ili umalize haraka. Ukipandisha hadi 70, ngozi ya nje ya kipande inakauka na kukaza kabla maji ya katikati hayajatoka, yanabaki yamefungiwa humo. Nje utaona kipande kizuri kikavu, na wiki ya tatu kitaota ukungu kutoka ndani.

Miembe mingi ya kwenye malupango yetu haijapandikizwa na maembe yake yana nyuzi nyingi. Ukiyakausha vipande utapata kitu cha kukwama menoni. Hayo yafanye karatasi ya embe, na kwa maoni yangu hii ni tamu kuliko vipande. Kamua nyama ya embe, ipitishe kwenye chujio kwa mgongo wa kijiko mpaka nyuzi zibaki juu. Tia maji ya ndimu kijiko kimoja cha mezani kwa kila vikombe viwili vya rojo. Sukari haina kazi hapa, kwa sababu embe likipungukiwa maji utamu wake unajikusanya wenyewe. Tandika karatasi ya kuokea juu ya trei, au ile trei ya plastiki isiyo na matundu inayokuja na mashine, paka mafuta kidogo sana, mimina rojo unene wa milimita 4 hivi. Pembeni iwe nene kidogo kuliko katikati, maana pembeni ndiko kunakokauka kwanza. Baada ya saa sita gusa katikati kwa kidole. Kama kidole hakiachi alama na karatasi inabanduka yote kwa pamoja, imekauka. Ikunje ingali na uvuguvugu, ikate kwa mkasi.

Masuku ya msituni, yanayouzwa kwa mafungu mvua zikianza, yanafaa kwa njia hii hii. Mbegu ni kubwa na nyama yake chache, kazi ni ya mikono na uvumilivu, lakini ukiichanganya na rojo ya embe nusu kwa nusu unapata ladha ambayo dukani huipati.

Mengine kwa ufupi

Ndizi za kula ziwe zimeiva mpaka zina madoadoa machache. Kata duara za milimita 6, chovya kwenye ndimu kama embe, saa sita hadi kumi. Zitabaki kama mpira kidogo. Zile zinazovunjika kwa mlio zinazouzwa kwenye pakiti huwa zimekaangwa kwenye mafuta, mashine haitakupa hizo.

Nanasi halihitaji ndimu, lina uchachu wake. Ondoa moyo wa katikati, kata milimita 6, liache kwenye mashine usiku kucha. Papai liwe gumu-gumu. Nyanya zikishuka bei, zikate nusu, toa mbegu, nyuzi 60, zikauke mpaka ziwe ngumu. Zikisagwa zinakoleza sombe (kisamvu) vizuri sana. Avoka usijaribu. Mafuta yake yanachacha kabla hujaifurahia.

Kusawazisha na kutunza

Matunda yakipoa, chagua kipande kimoja kinene, kikate katikati, kiminye. Tone lolote la maji likitoka, trei irudi ndani. Kama hakuna, tia yote kwenye chupa za kioo zenye kifuniko, ujaze theluthi mbili tu, funga. Usiyapeleke stoo bado. Kwa siku saba hadi kumi, kila siku tikisa chupa na utazame kioo kwenye mwanga. Vipande havilingani ukavu hata ukiwa mwangalifu vipi, na siku hizi ndizo zinazowezesha vile vyenye unyevu kuugawia vile vikavu. Tazama sehemu ya juu ya kioo, karibu na kifuniko: ukungu mwembamba wa mvuke au vitone vidogo vikionekana, matunda hayajakauka, yarudishe kwenye mashine saa mbili au tatu. Ukiona nywele za ukungu kwenye kipande kimoja tu, tupa chupa yote. Kutoa hicho kimoja hakusaidii, kwa sababu sumu ya ukungu haionekani kwa macho.

Baada ya siku hizo, fungia kwenye chupa ndogo-ndogo. Chupa kubwa inayofunguliwa kila siku inaingiza hewa yenye unyevu kila mara, na wakati wa mvua hiyo inatosha kulainisha yote. Andika tarehe kwenye kifuniko. Ziweke kabatini kwenye giza, mbali na jiko. Mahali pa baridi matunda yanaweza kukaa mwaka mzima, na mahali pa joto la nyuzi 27 hivi yahesabie miezi sita.

Kwa ajili ya uji wa watoto, loweka vipande vya embe kwenye maji yaliyochemshwa, kiasi cha kuvifunika, nusu saa. Saga pamoja na maji yake hayo, maana utamu mwingi umeshahamia humo, na umimine kwenye uji ukiwa umeshaiva. Sukari usitie kabla ya kuonja.